Baina ya "Tu" na "Ni": Shajara ya Milimani ya Dorothy Wordsworth

Ni machache mashairi ya Kiingereza yaliyokaririshwa watoto wa makoloni kama lile la William Wordsworth juu ya maua ya manjano kando ya ziwa. Jamaica Kincaid, mzaliwa wa kisiwa cha Antigua, aliutia uchungu wa jambo hilo katika riwaya yake Lucy ya mwaka 1990: msichana wa kisiwani analihifadhi shairi zima ilhali ua lenyewe hajapata kuliona. Lalamiko hilo ni la haki. Lakini liko deni jengine, la nyumbani zaidi, ambalo waliokaririshwa aghalabu hawakuambiwa. Maua yale yaliandikwa kwanza na dada yake mshairi, kwa nathari, katika daftari la matembezi, miaka miwili hivi kabla ya shairi kutungwa.

Dorothy Wordsworth alizaliwa mwaka 1771 na kufariki mwaka 1855. Tangu Mei 1800 hadi Januari 1803, akiishi na kaka yake katika kijiji cha Grasmere, kwenye nchi ya milima na maziwa ya kaskazini-magharibi ya Uingereza, aliweka shajara ya siku zake. Nyingi katika siku hizo zilikuwa za kutembea: kupanda vilima, kuzunguka maziwa, kwenda Ambleside kutazama kama kuna barua. Theluji inaanguka, theluji inayeyuka. Majani yanachipua, majani yanapukutika. Mwezi unachomoza nyuma ya mlima uleule aliokwisha kuuandika, naye anauandika tena, kwa kuwa leo hauko kama ulivyokuwa jana.

Tutazame tarehe 25 Oktoba 1801, alipopanda Helvellyn, mlima wa mita 950. Kutoka juu, anasema, waliiona bahari upande wa Cartmel, na ng'ambo ya bahari milima ya Uskochi. Na ukungu ulikuwa juu yao, chini yao na karibu yao, jua likiwa ndani yake. Hapo hapo, pasina kubadili sauti, anatwambia kwamba waliondoka nyumba ya chini saa sita na dakika kumi mchana wakarejea saa kumi na robo, na kwamba kabla ya kupanda walipata mkate na jibini. Mhariri mwenye mkasi mkali angeuondoa mkate huo. Mimi nauona kuwa ndio nguzo ya ukurasa: utukufu wa ukungu unasadikika kwa sababu aliyeuona ana njaa na ana saa.

Sasa tuje kwenye maua. Tarehe 15 Aprili 1802 ndugu hawa wawili walipita msitu wa Gowbarrow, kando ya ziwa la Ullswater, katika upepo mkali. Shajara inasema waliona maua machache karibu na maji, wakadhani labda ziwa ndilo lililozileta mbegu ufukoni. Walivyozidi kwenda yakazidi, hata yakawa ukanda mrefu wa upana wa barabara. Mengine yalilaza vichwa juu ya mawe kama waliochoka wanavyolalia mito, mengine yalicheza. Kisha mvua ikawakuta, wakaingia nyumba ya wageni, wakala, na asubuhi wakalipa shilingi saba.

Katika shairi, lililotoka mwaka 1807, upepo mkali umekuwa upepo mwanana, yale yaliyolaza vichwa hayapo, shilingi saba hazipo, na Dorothy hayupo. Mshairi yuko peke yake. Kwa Kiswahili tofauti hiyo ni ya silabi moja: shajara ni "tuliona", shairi ni "niliona". Lugha yetu haikubali kitenzi kitembee bila ya mwenyewe, na kwa hivyo inalifichua wazi jambo ambalo msomaji wa Kiingereza huweza kulipita. Simwiti William mwizi. Alichokifanya mwishoni mwa shairi lake, pale maua yanapomrejea mtu aliyejilaza nyumbani katika upweke, shajara haina na haikutaka kuwa nacho. Na kwa beti hizo upweke ulimfaa. (Mistari miwili iliyo bora ndani yake, kwa kukiri kwake mwenyewe, ilitungwa na mkewe, Mary. Mpweke huyu alikuwa na wasaidizi wengi.) Ninachokikataa ni ile desturi ya wahakiki kuiita shajara "malighafi", kama udongo ambao haukuwa kitu mpaka mfinyanzi alipofika.

Shajara yenyewe inao ushahidi dhidi ya rai hiyo. Jioni ya tarehe 13 Machi 1802 William alikuwa akihangaika na shairi juu ya watoto wa mwanamke mmoja mrefu, ombaomba, ambao Dorothy alikutana nao na kuwaandika karibu miaka miwili nyuma. Dada akamsomea alivyoandika. Anasimulia kwamba ilikuwa bahati mbaya: kaka yake alishindwa kujinasua katika maneno yale yale, shairi likakwama, akaenda kulala amechoka. Asubuhi, kabla hajainuka kitandani, akalimaliza. Malighafi haimfungi mtu ulimi. Kilichomfunga ni maandishi yaliyokwisha kupata umbo lake, na ilibidi usiku mzima upite ndipo aweze kuyasahau kiasi cha kutunga.

Miaka kumi na sita baadaye, tarehe 7 Oktoba 1818, Dorothy akiwa na umri wa miaka 46 alipanda Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote ya Uingereza, mita 978, pamoja na rafiki yake Mary Barker, mtumishi, mchukuzi na mchungaji mmoja wa huko aliyewaongoza. Habari ya safari hiyo aliiandika katika barua. Juu palikuwa kimya hata karatasi za chakula hazikutikisika. Msomaji wa visiwani atapenda jambo lililofuata. Wanawake wale wanaitazama bahari ya mbali, wanaona jahazi. Mchungaji anatia shaka. Wao wanasisitiza, kwani macho yao yamezoea vyombo. Haupiti muda, mchungaji anawaambia kwa upole wakitazame tena chombo chao: kimegeuka farasi. Lilikuwa wingu. Dorothy anacheka, na cheko lake analiweka katika maandishi pamoja na ubishi wake. Mwaka 1822 William aliitia habari hiyo katika kitabu chake cha kuwaongoza wageni wa maziwa, bila ya jina la dada yake. Kwa muda mrefu wasomaji waliichukua kuwa ni yake.

Itasemwa kwamba mwenyewe hakutaka jina. Kweli, katika barua ya mwaka 1810 alikataa katakata kujifanya mwandishi wa kuchapishwa. Na alipoianza shajara alisema aiandika ili William aifurahie akirejea safarini. Lakini kuandikia msomaji mmoja hakupunguzi uzito wa kilichoandikwa. Mwana Kupona mwaka 1858 alimtungia binti yake, nasi hatujapata kusema kwamba utenzi ule ni mambo ya chumbani. Kwa Dorothy tumekuwa wagumu zaidi, labda kwa kuwa nathari yenye tarehe haina vina vya kuitetea.

Si kila ukurasa wake ni mzuri. Maumivu ya kichwa yanarudi mpaka yanachosha, na ziko wiki ambazo hali ya hewa ni hali ya hewa tu. Lakini ni kitabu ninachotaka kukiona kwa Kiswahili, na ugumu wake ni wa kupendeza. Mosi, Dorothy huliacha jina la mtendaji. Huandika kitenzi kikavu, kama mtu anayevua viatu mlangoni huku anazungumza. Sisi hatuna budi kuchagua "ni" au "tu", na mara nyingi ukurasa hausemi kama alikuwa peke yake. Pili, majira. Wafasiri wetu huita "kipupwe" kila penye theluji, ilhali kipupwe chetu ni ubaridi wa Juni na Julai, wa kujifunika shuka, na Januari tuko katika joto la kaskazi. Ningeacha tarehe na theluji viseme vyenyewe. Ua la Gowbarrow ningeliita narjisi, kwa Waarabu wanaowajua jamaa zake, bila ya maelezo chini ya ukurasa.

Na ningekuwa mwangalifu na mwisho, ambao si mwisho wa fasihi hata kidogo. Ni tarehe 16 Januari 1803, baridi imeshika. William anatamani mkate wa tangawizi. Dorothy anavaa nguo ya kuazima, wanakwenda kwa kipofu mmoja auzaye. Mnene haupo. Wanachukua uliopo, na wale wazee wanashukuru mno hata Dorothy hana moyo wa kuwaambia kwamba nyumbani wanakusudia kuoka wa kwao. Kesho yake mke wa kipofu anafika na ule mnene, nao wako katikati ya kuoka, wakanunua wa peni mbili. Baada ya hapo daftari halina kitu.