Kuwatoa Watoto kwa Mwezi na kwa Upepo

Kuna watu katika mtaa wa Kisumu Ndogo, mjini Malindi, ambao nawahesabu kuwa mafundi ingawa hawana karakana wala cheti. Ni akina mama, nyanya, shangazi na baadhi ya akina baba wanaojua kuwatoa watoto. Shule zinapofungwa, Aprili, Agosti au mwisho wa mwaka, na nyumba ya mabati inapokuwa haikaliki mchana, wao hawawafukuzi watoto wakacheze popote. Huangalia mwezi, huusikiliza upepo, humuuliza mvuvi mmoja anayepita na baiskeli yake, kisha husema: Jumamosi tunaenda mwambani. Jumamosi ikifika, bahari imejiondokea yenyewe na kuwaachia njia.

Ufundi huu hausifiwi vya kutosha, kwa sababu wengi hawauoni kuwa ni ufundi. Husemwa kwamba kutoka na watoto ni mambo ya wenye pesa: gari, hoteli, bwawa la kuogelea, sahani ya chipsi. Mimi nasema kinachotangulia ni wakati. Pwani yetu haitoi kitu kilekile mwaka mzima, wala haitoi kitu kilekile asubuhi na jioni. Anayejua inatoa nini na lini, huwapa watoto wake siku nzima ya furaha kwa nauli ya matatu na mfuko wa viazi karai. Asiyejua atatumia mara kumi ya hizo, na atarudi na watoto wanaolia.

Somo la kwanza ni mwezi. Siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni siku za bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kina baina ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Katika pwani hii, maji ya bamvua hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi, kisha hujaa kabisa karibu na saa kumi alasiri. Hayo hayabadiliki sana mwaka hadi mwaka, na ndiyo sababu wazee hawahitaji kitabu cha majira ya maji. Wakijua tarehe ya mwezi wa Kiislamu, wamejua saa ya kwenda mwambani. Siku za maji mafu mambo hugeuka: asubuhi maji yamejaa kiasi, yametulia, na mtoto anaweza kuoga karibu na mchanga bila kuyafuata mbali. Kwa hiyo bamvua ni ya kutembea na maji mafu ni ya kuoga. Mwenye kulijua hili amekwisha panga nusu ya likizo.

Kanuni ya mwambani ni moja: fuata maji yakipwa, usingoje yakufuate yakijaa. Ondokeni nyumbani saa mbili, mfike maji yangali yanashuka, mwende nayo polepole, na kabla ya saa tano mwe mmeanza kurudi. Jua la saa sita halina huruma na mtoto, na maji yanayorudi hupitia kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yenu, siyo mbele mnakotazama. Kila mtoto avae viatu, maana mwamba hukata na miiba myeusi ya baharini huvunjikia nyayoni. Kila mtoto ajue pia kwamba vya baharini hutazamwa na kuachwa. Upande wa kusini wa mji kuna hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Watamu, zikiwa za kwanza za aina yake nchini, na humo hata kombe tupu huachwa lilipo.

Nimemtazama nyanya mmoja wa mtaani kwetu akiifanya kazi hii. Mjukuu wake alichuchumaa kando ya kidimbwi kilichobaki juu ya mwamba, akawa hasogei. Ndani kulikuwa na kaa mdogo, wale wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, naye alikuwa ametoa mwili wake laini nje anapapasa kombe jingine.

"Nyanya, mbona ametoka nyumbani kwake?"

"Anahama. Ile imembana."

"Na hii ilikuwa ya nani?"

"Ya konokono aliyekufa. Ngoja uone kama itamtosha."

Wenzake walikuwa wametangulia, wakamwita kwa sauti. Nyanya akawapungia mkono wasubiri. "Mwacheni," akasema, "yuko kazini." Kaa akaingia kinyumenyume katika kombe jipya, akajaribu, akatulia. Mtoto akasimama mwenyewe. Hakuna aliyemhimiza na hakuna aliyemhutubia. Hapo ndipo niliupima ufundi wa yule nyanya: alijua kwamba kidimbwi kimoja kilichotazamwa sawasawa kinatosha kwa asubuhi moja, na kwamba mtu mzima huharibu matembezi mengi kwa haraka yake ya kufika kwingine.

Somo la pili ni upepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Bahari hutulia, jua huwa kali, na embe hujaa sokoni. Kusi huanza kuvuma Aprili pamoja na masika, na kufikia Julai na Agosti mawimbi huwa makubwa na asubuhi huwa na ubaridi unaomfanya mtoto ajifunike kanga. Wengi huiona likizo ya Agosti kuwa mbaya kwa matembezi kwa sababu bahari haiogeleki. Fundi huiona kuwa nzuri kuliko zote kwa mambo mengine. Ni wakati wa kusimama karibu na Nguzo ya Vasco da Gama na kutazama mawimbi yakivunjika chini ya jabali, mkiwa mmeshikana mikono, na kuwasimulia watoto jinsi meli za Mreno yule zilivyotia nanga hapa Aprili 1498, na jinsi rubani aliyempata Malindi alivyomvusha hadi Calicut, India. Simulia pia kwamba miaka kama themanini kabla yake, mwaka 1415, wajumbe wa Malindi walifika Uchina na twiga wa kumzawadia mfalme. Mtoto hasahau twiga aliyepanda jahazi. Na miezi hiyohiyo, kuanzia Julai, nyangumi wa nundu hupita nje ya Watamu wakitoka bahari za baridi za kusini. Hata asipowaona, mtoto wa pwani na ajue kwamba wanapita.

Desemba ina fumbo lake. Familia hufika ufuoni mjini zikitarajia maji ya buluu, zikakuta ya rangi ya chai. Mto Athi umeanzia nyanda za juu, ukawa Galana, ukawa Sabaki, ukabeba udongo wa mvua za vuli hadi baharini kaskazini ya mji, nao upepo wa kaskazi unausukuma udongo huo kusini hadi ghuba ya Malindi. Msiudhike. Mwoneshe mtoto kwamba shamba la mtu wa Machakos linapita mbele yake, na umweleze kwa nini mti hupandwa kwenye mteremko. Kisha wapelekeni Mida, ambako daraja la mbao limening'inizwa katikati ya mikoko. Miezi hiyo ndege waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia wamejaa matopeni wakila, nao hukaa mpaka karibu na Aprili. Mtoto anayehesabu ndege walioruka kutoka mabara mengine amejifunza jiografia bila kufungua daftari.

Kwa siku za kusi na za jua kali, hakuna mahali penye kivuli chema kama Gede. Ni kilomita kama 16 kutoka mjini, na matatu za Watamu hupita hapo. Ni mji wa Waswahili wa kale uliohamwa karne ya 17, ukamezwa na msitu, ukafukuliwa na James Kirkman kuanzia 1948. Mwaka 2024 UNESCO iliuandika katika urithi wa dunia. Hapa watu wazima hukosea kwa kutaka mtoto aone kila ukuta. Mpe viwili tu. Kwanza, Kaburi la Tarehe, ambalo maandishi yake ni ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mwachie mtoto atoe hesabu ya miaka mwenyewe. Pili, majina ya nyumba. Wachimbaji waliziita kwa vitu walivyovikuta ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma. Sasa waulize watoto: nyumba yetu ya Kisumu Ndogo ikichimbuliwa baada ya miaka mia sita, wataiita nini? Nimesikia majibu ya kila aina, Nyumba ya Jiko la Makaa, Nyumba ya Kandambili Moja, Nyumba ya Redio, na watoto walibishana njia nzima hadi Malindi. Kuanzia hapo, historia ni yao.

Chakula kibaki ndani ya mfuko uliofungwa, kwani kima wa Gede ni wepesi kuliko mkono wa mama. Mkiwa na nafasi, ingieni pia Kipepeo, mradi ulioanza 1993, ambamo wakulima wanaoishi kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke hulea vipepeo na kuuza pupa zao ng'ambo. Mtoto ataona kwamba msitu uliosimama unaweza kumlipia mtu karo.

Somo la tatu hufanyika usiku wa kuamkia safari. Fundi hupanga kazi kabla ya kupanga chakula. Mkubwa ndiye mhesabu watu: kila mnapovuka barabara au kushuka garini, anahesabu kwa sauti. Wa pili anabeba maji. Mdogo kabisa anabeba kanga ya kukalia, na hata ikiwa inaburuta chini, ni yake. Mtoto mwenye kazi hapotei ovyo wala halalamiki sana. Maji yawe mengi kuliko mnavyodhani. Chakula kiwe cha kushikwa kwa mkono: mahamri, viazi karai, embe lililokatwa na kutiwa chumvi na pilipili. Vitamu kama mabuyu na achari viwekwe mpaka safari ya kurudi, maana hapo ndipo miguu huuma na machozi huwa karibu. Na mrudi mtoto angali anataka kubaki. Aliyeondoka akiwa na hamu ataomba kurudi, na aliyechoshwa atakumbuka uchovu.

Sikukuu nazo zina hesabu yake, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini. Idi ya mwezi wa Ramadhani huja mwezi ukiandama, na mwezi ukiandama ni bamvua. Maana yake ni kwamba alasiri ya Idi, saa ileile ambayo watoto wa mji mzima wamevaa nguo mpya na kumiminika ufuoni na vijisenti vyao, ndiyo saa ambayo maji yamejaa kupita kawaida na ufuo umebaki ukanda mwembamba. Haitokei kwa bahati mbaya, hutokea kila mwaka. Basi siku hiyo wapelekeni watoto asubuhi baada ya sala, maji yakiwa chini na mchanga mpana. Jioni wabembee mjini, wale aiskrimu, na atakayekwenda ufuoni aende ameshikwa mkono. Krismasi na Mwaka Mpya hazifuati mwezi, kwa hiyo maji ya siku hizo hubadilika kila mwaka. Kabla ya kuondoka, uliza.

Nimeulizwa kwa nini nalipa jambo hili uzito mkubwa hivi. Jibu langu ni kwamba nawajua vijana wa mtaa huu waliofikia umri wa kuoa ambao hawajawahi kuingia Gede wala kukanyaga mwamba wakati wa bamvua, ilhali wageni hupanda ndege saa nane na zaidi kuja kuviona vitu hivyohivyo. Mtaa wetu una Wagiriama, Waluo, Wabajuni, Wakamba na wengine, wengine wazawa na wengine waliofuata kazi. Watoto wao wote wamezaliwa hapa. Ukimpitisha mtoto penye sanamu ya Mekatilili wa Menza mjini, ukamweleza kwamba mwanamke huyu aliwaongoza Wagiriama kuukataa ukoloni mwaka 1913 na 1914, hadithi hiyo ni ya mtoto wa Kiluo wa Kisumu Ndogo kama ilivyo ya jirani yake Mgiriama. Anayekua bila kuijua nchi iliyo mlangoni kwake atajiona mgeni ndani yake, na mgeni huogopa kudai haki.

Haki yenyewe ipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 62, inaihesabu ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Kuta zimeongezeka kandokando ya bahari, na vichochoro vya kushukia ufuoni vimekuwa vyembamba, vingine vimezibwa. Njia isiyotembelewa hupotea haraka. Kila familia inayoshuka na watoto wake asubuhi ya bamvua inailinda njia hiyo kwa miguu yake.

Basi, mzazi mwenzangu, toka nje leo usiku uutazame mwezi. Ukikaribia kuandama, au ukikaribia kuwa duara kamili, bamvua imekaribia. Waambie watoto siku tatu mapema ili nao wapate raha ya kungoja. Wagawie kazi, chemsheni viazi, mwondoke saa mbili. Mtoto aliyezaliwa Malindi ana haki ya kuijua Malindi kabla ya mgeni yeyote, na wa kumjulisha ni wewe.