Kinyozi Hajinyoi? Flora Nwapa na Tana Press ya Enugu

Aghalabu mhakiki wa fasihi ya Kiafrika hukipokea kitabu kikiwa kimekwisha kuchapwa, kufungwa na kutiwa jalada, na kazi yake huanzia hapo. Huwachambua wahusika, hutafuta dhamira, huipima lugha. Lakini ni nadra kuuliza ni nani aliyeamua kwamba mswada ule uwe kitabu, na kwa masharti gani. Makala haya yanakusudia kuliuliza swali hilo kwa kuichunguza Tana Press, kampuni ndogo ya uchapishaji iliyoanzishwa na mwandishi Flora Nwapa katika mji wa Enugu, mashariki ya Nigeria, katika miaka ya 1970. Msomaji wa Kenya alisikiapo jina la Tana hukumbuka mto; Tana hii ilikuwa na mkondo wake mwingine, nao una mafunzo kwa wale wanaoshughulikia fasihi ya lugha za Kiafrika.

Nwapa alizaliwa Oguta mwaka 1931. Riwaya yake ya kwanza, Efuru, ilitolewa London mwaka 1966 na kampuni ya Heinemann katika mfululizo wa African Writers Series, ambao mhariri wake alikuwa Chinua Achebe. Mwaka huohuo Grace Ogot alitoa The Promised Land, iliyochapishwa Nairobi na East African Publishing House. Riwaya ya pili ya Nwapa, Idu, ilifuata mwaka 1970. Mapokezi ya Efuru hayakuwa ya ukarimu. Katika toleo la kwanza la jarida la African Literature Today, mwaka 1968, Eustace Palmer aliihakiki pamoja na The Concubine ya Elechi Amadi, na mizani ikamwelemea Amadi. Mazungumzo ya wanawake sokoni, jikoni na barazani, ambayo ndiyo nguzo ya riwaya hiyo, yalionwa na baadhi ya wasomaji kuwa porojo zisizoisukuma hadithi mbele. Kipimo kilichotumika kilikuwa kile cha riwaya ya tukio na mgogoro wa mwanamume. Na kitu chochote kikipimwa kwa pishi lisilo lake, hakina budi kuonekana kimepungua.

Baada ya vita vya Biafra, vilivyokwisha Januari 1970, Nwapa alishika wadhifa katika serikali ya jimbo la East Central. Vitabu vyake navyo vilianza kurudi nyumbani hatua kwa hatua: This Is Lagos and Other Stories (1971) na Never Again (1975) vyote vilitolewa na kampuni za Enugu zilizomilikiwa na wengine. Hatua iliyofuata ilikuwa kumiliki kampuni yeye mwenyewe. Chini ya jina la Tana Press zilitoka Wives at War and Other Stories (1980), One Is Enough (1981), Women Are Different (1986) na tenzi mbili katika kitabu kimoja, Cassava Song and Rice Song (1986). Fauka ya hayo, alichapisha vitabu vya watoto, kikiwemo Mammywater (1979).

Wapo watakaosema kwamba mwandishi anayejichapisha amekwepa hukumu, na kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Hoja hii ina uzito wake, lakini haina budi kupimwa kwa vitabu vyenyewe. Efuru ni mwanamke mzuri, mkarimu na hodari wa biashara, ambaye anampoteza mtoto wake wa pekee na kuvunjikiwa na ndoa mbili. Anaishia kuwa mja wa Uhamiri, mungu wa kike wa ziwa, na riwaya inafungwa kwa swali kuhusu mungu huyo ambaye huwapa wanawake utajiri lakini mwenyewe hakupata mtoto. Miaka 15 baadaye, katika One Is Enough, swali hilo linapata jibu. Amaka anadhalilishwa na mama mkwe kwa kuitwa tasa; anagundua kwamba mumewe ana watoto wa kiume kwa mwanamke mwingine; anaondoka Onitsha kwenda Lagos, anapata mali kwa kandarasi, anazaa pacha na padre, na padre anapotaka kumwoa, anakataa. Kwa Amaka, mume mmoja aliyekwisha kumpata alitosha.

Haithibitiki kwamba kampuni ya London ingeukataa mswada huo. Linaloonekana ni kwamba mwandishi hakulazimika kuomba ruhusa ya mtu ili mhusika wake akatae ndoa bila ya kuadhibiwa na hadithi. Katika riwaya nyingi za wakati ule mwanamke aliyekwenda mjini peke yake alirudishwa kijijini akiwa maiti, mgonjwa au mwenye majuto. Amaka harudishwi. Hata hivyo mhakiki hana budi kueleza kasoro yake: kandarasi zake zinapatikana kwa kuwatumia wanaume wenye vyeo, na riwaya inalipita jambo hilo haraka mno. Uhuru unaonunuliwa kwa ufisadi wa wakubwa ulistahili kuhojiwa na mwandishi aliyeihoji ndoa kwa ujasiri hivyo.

Cassava Song and Rice Song ni ushahidi wa namna nyingine. Miongoni mwa Waigbo, kiazi kikuu ni zao la heshima la mwanamume; muhogo ni wa mwanamke, nao ndio unaoilisha nyumba. Nwapa anausifu muhogo kama mama asiyeshukuriwa, kisha anaushutumu wali uliojaa mezani katika miaka ya neema ya mafuta, wakati mchele ulipoagizwa kwa wingi kutoka ng'ambo. Ni vigumu kutoona uhusiano baina ya maudhui haya na mtambo uliyoyatoa. Mchapishaji mkubwa anayetazama soko la shule angekuwa na sababu nyingi za kibiashara za kuuacha mswada wa namna hiyo. Kampuni ndogo ya nyumbani iliuchapa.

Ama kwa upande wa hasara, methali husema kinyozi hajinyoi. Women Are Different inawafuata wasichana wa shule moja ya misheni, Rose, Dora, Agnes na Comfort, tangu ujana hadi utu uzima wa watoto wao. Sehemu ya shuleni imejengwa kwa utulivu na uhai. Sehemu ya mwisho inaipitia miaka mingi kwa muhtasari, na wahusika wapya wanaingia na kutoka kabla ya msomaji kuwafahamu. Mhariri asiye mwandishi angedai kurasa zaidi hapo. Mwandishi aliyekuwa pia mkuu wa kampuni hakuwa na mtu wa kumdai.

Hasara ya pili ilikuwa ya uchumi. Kampuni ndogo inahitaji karatasi, mtaji na njia za kusambaza, na yote matatu yalizidi kuwa adimu nchini Nigeria katika miaka ya 1980, hasa baada ya sera za mwaka 1986 kuishusha thamani ya naira. Mwaka 1992 Africa World Press, kampuni ya Kassahun Checole iliyoko Trenton, Marekani, ilivitoa upya vitabu vya Nwapa, na kwa njia hiyo wasomaji wengi wa ng'ambo wakavipata. Nwapa alifariki Enugu mwaka uliofuata. Kitabu kilichozaliwa nyumbani kilihitaji kupita ughaibuni ili kijulikane.

Lipo swali la tatu, nalo lawahusu zaidi wasomaji wa jarida hili. Tana Press ilikuwa mikononi mwa mwanamke wa Kiigbo, lakini riwaya zake ziliandikwa kwa Kiingereza, ingawa ni Kiingereza kilichobeba methali na mwendo wa mazungumzo ya Oguta. Nchini Kenya njia nyingine ilijaribiwa. Grace Ogot aligeukia Kidholuo, na Miaha ikatoka mwaka 1983. Asenath Bole Odaga alianzisha Lake Publishers mjini Kisumu akachapisha kwa Kidholuo na kwa Kiingereza. Kwa hiyo kumiliki mtambo na kumiliki lugha ni mambo mawili, na la kwanza halileti la pili lenyewe. Katika Kiswahili hali ni kinyume: lugha ipo na wasomaji wapo, lakini Mwisho wa Kosa ya Zainab Burhani (1987) ilitolewa na Longman Kenya, na mpaka sasa mwanamke anayeandika riwaya ya Kiswahili hutazamia kwanza wachapishaji ambao soko lao kuu ni shule. Mswada usiofaa darasani hukosa mlango.

Mfano wa Enugu hauonyeshi kwamba kila mwandishi ajichapishe. Unaonyesha kwamba penye mlinzi mmoja wa mlango, lango la pili ni la lazima, hata likiwa jembamba. Na kwamba lango hilo linahitaji wahariri huru na mtaji ili lisifungwe na kifo cha aliyelifungua. Kinyozi hajinyoi, ni kweli. Lakini kijiji chenye kinyozi mmoja, tena asiyezijua nywele za wanawake, kina haki ya kumtafuta wa pili.