Heko kwa Anayeanza na Patasi

Kijana wa Kaengesa, huko Ufipa, anayejifunza kuchonga mbao kwa patasi kabla ya kugusa mashine anastahili pongezi, kwa sababu amechagua njia ndefu yenye elimu ndani yake. Ufipa inaijua njia hiyo. Wafua chuma wa zamani waliyeyusha mawe yenye chuma katika tanuru refu la udongo lililovuta hewa lenyewe, kisha wakayasafisha mazao yake katika tanuru dogo kwa mivuo. Jembe lilipita hatua zote mbili. Mchongaji naye ana hatua zake: tezo hutoa umbo, patasi hutoa mistari, msasa hulainisha. Mkono ukienda kinyume cha nyuzi za mti, ubao huchanika papo hapo, na kosa hilo hufundisha.

Watakaopinga watasema mashine ya leza huandika jina kwenye ubao kwa dakika chache, herufi zote zikilingana, na mteja hana muda wa kusubiri. Ni kweli, na kwa vibao vya ofisini mashine inafaa sana. Lakini leza hufuata mchoro tu. Haichagui mti, wala haijui kama umekauka. Maamuzi hayo ni ya mtu. Ndiyo maana vinyago vya mpingo vya Wamakonde vina heshima duniani: mchongaji ameusoma mti wake. Aliyeanza kwa mkono ataiongoza mashine. Aliyeanza na mashine pekee ataitegemea. Vyuo vya ufundi vifundishe vyote viwili, kwa mpangilio huo.