Sifa za Gunia la Mboga

Nairobi hujivunia jakaranda zake, zinazochanua Oktoba na kutandaza zambarau barabarani. Bustani ninayoisifu mimi ni nyingine: gunia la sukuma wiki lililosimama kando ya mlango, Kibera au Kongo kule Kawangware, mahali ambapo mpangaji hana hata shubiri ya shamba.

Magunia haya yalienea Kibera mwaka 2008. Ghasia za baada ya uchaguzi zilikuwa zimefunga njia, reli imeng'olewa, bei ya chakula imepanda. Shirika la Solidarités la Ufaransa likagawa miche na mafunzo, na walioupokea ufundi huo kwa wingi ni wanawake.

Ufundi wenyewe umefichika ndani. Mkebe uliokatwa juu na chini husimamishwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto, kisha udongo wenye samadi humwagwa kuuzunguka. Mkebe huvutwa juu taratibu, kokoto zikabaki, kazi ikarudiwa hadi gunia lijae. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo njia ya maji. Isipokuwapo, miche ya juu huoza na ya chini hukauka. Udongo nao huchaguliwa. Fundi hachoti kando ya mtaro wala jalalani, kwa kuwa sumu iliyo humo huishia kwenye sufuria.

Mvua za Machi hadi Mei ni za kupandikiza. Mashimo hutobolewa ubavuni kwa kupishana, mche ukasukumwa kwa kidole. Juu hukaa vitunguu na dania. Baridi ya Julai ikiingia, maji hupunguzwa. Oktoba vuli huleta miche mipya. Januari na Februari ndipo fundi anapopimwa: maji ni ya kununua kwa mtungi na vidukari hujazana chini ya majani. Hulipangusa jani moja moja, na maji aliyooshea mchele huyamimina kwenye kokoto.

Kuchuma nako kuna adabu. Huanza jani la chini, likavunjwa pale linaposhika shina. Kile kichipukizi cha juu hakiguswi. Ndivyo mche mmoja unavyolisha nyumba miezi kadhaa.

Anayeyajua haya ni mtaalamu wa udongo, maji na majira. Shule za Kibera na Kawangware zimwite afundishe watoto, na alipwe kama mwalimu yeyote.