Kilichookolewa ni Kalibu

A.H. Heisey & Co. walizima tanuri zao mjini Newark, Ohio, mwaka 1957, baada ya miaka sitini hivi ya kutengeneza bilauri, mabakuli na sanamu ndogo za wanyama. Mwaka 1974 wapenzi wa vyombo hivyo wakafungua makumbusho papo hapo Newark. Kupanga vioo kabatini hakukuwasumbua sana. Kilichowasumbua kilikuwa Bellaire, kwa kampuni ya Imperial, iliyokuwa imenunua kalibu za Heisey mwaka 1958 na kuendelea kuzitumia.

Uzito wa jambo hili unaonekana ukifuata jinsi kioo cha kushindiliwa kinavyotengenezwa. Fundi huchota uji wa kioo kwa fimbo ya chuma, huudondoshea ndani ya kalibu, mwenzake huukata kwa mkasi, kisha mchi wa chuma hushuka na kuusukuma hadi kwenye kila mfuo wa nakshi. Chombo kikitolewa hurudishwa motoni kidogo ili ngozi yake ing'ae na alama za maungio ya kalibu zififie, halafu hupozwa polepole, maana kikiharakishwa hupasuka. Mchanganyiko wa kioo, moto na mkono wa fundi hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda. Umbo halibadiliki. Limechongwa kwenye chuma, na mara nyingi pamoja nalo ile nembo ya herufi H ndani ya almasi.

Kwa hiyo farasi wa Imperial na farasi wa Heisey ni wa tumbo moja, na nakshi haiwezi kumsaidia mnunuzi kuwatofautisha. Rangi humsaidia zaidi: Imperial waliwatoa wanyama hao hata kwa kioo cha karameli chenye mawimbi meupe, rangi ambayo Heisey hawakuwa nayo. Kioo cheupe kisicho na rangi ndicho kinachotesa.

Imperial nao walifunga mwaka 1984. Mwaka uliofuata, chama cha wakusanyaji kinachoendesha makumbusho kikanunua kalibu zile. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi wao mkubwa kuliko kabati zote, kwani tangu hapo wao ndio wanaoamua kama kalibu itumike, na chombo kipya kitiwe alama gani. Mtindo mmoja tu, Old Williamsburg, haukuwamo katika mauzo hayo, na anayeununua mnadani hana budi kuukagua kwa jicho kali zaidi.