Mbwa Asiyebweka na Jina Lake: Uhakiki wa Filamu ya "Good-bye, My Lady"

Mtu anayetaka mbwa mmoja wa kukaa na watoto nyumbani na pia wa kwenda naye kuwinda ndege ataambiwa na vitabu vya Ulaya na Marekani achague kwa kufuata aina. Pointer na Setter walizalishwa ili wakinusa kwale wasimame tuli, pua mbele, mpaka mwindaji afike. Brittany wa Ufaransa ni mdogo kidogo na mpole, kwa hiyo anasifiwa katika nyumba zenye watoto. Pointer wa Kijerumani mwenye nywele fupi alikusudiwa kufanya kila kazi: kutafuta, kuokota, kulinda na kuishi na familia. Katika orodha hizo mbwa wa Afrika ya Kati hayumo. Filamu ya "Good-bye, My Lady", iliyotoka Marekani mwaka 1956, inamwingiza, na ndiyo sababu ninaihakiki hapa. Hoja yangu ni kwamba filamu hii inatoa jibu zuri kuhusu namna ya kumchagua mbwa, kisha inalisahau jibu lake yenyewe mara tu mbwa anapojulikana ni wa aina gani. Na jina la aina hiyo linatuhusu sana sisi tunaosoma Kiswahili.

Filamu iliongozwa na William Wellman kutokana na riwaya ya James Street ya mwaka 1954. Mandhari yake ni kinamasi cha Mississippi. Skeeter, mvulana yatima anayeigizwa na Brandon deWilde, anaishi kwenye kibanda na mjomba wake mzee, Jesse, anayeigizwa na Walter Brennan. Wanasikia porini sauti ya ajabu inayofanana na kicheko. Baadaye wanagundua kwamba ni mbwa jike mdogo asiyebweka, anayejisafisha kwa ulimi kama paka. Skeeter anampa jina Lady, anamlaza nyumbani na kuanza kumfundisha kuwinda ndege. Hatimaye inajulikana kwamba Lady ni Basenji, mbwa adimu mwenye asili ya Afrika, na kwamba mwenyewe yuko mbali na anamtafuta. Skeeter anapaswa kuamua kama atanyamaza au atamrudisha. Anamrudisha.

Kwa upande wa fani, filamu inakwenda polepole. Imepigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na sehemu kubwa ni mtoto, mbwa na nyasi. Mtazamaji aliyezoea filamu za mapigano anaweza kuchoka. Lakini polepole hiyo ndiyo inayoibeba dhamira. Skeeter hana kitabu wala mtaalamu, na hajui mbwa wake ni wa ukoo gani, kwa hiyo hana la kufanya ila kumtazama. Anatazama mbwa ananusa kutoka umbali gani, anasikiliza au hasikilizi, analala wapi, anamfuata nani. Cash, mwenye duka, ana mbwa wa kuwinda wenye sifa zinazojulikana, lakini porini Lady anawazidi kwa pua. Filamu inatuambia kwamba mbwa wa nyumbani na mbwa wa mawindo si wawili. Mbwa anafanya kazi vizuri kwa sababu anaishi na anayemfundisha.

Jibu hilo si geni kwetu Vurra. Wakati wa kiangazi, nyasi zikishachomwa, wazee walikuwa wakitoka na mbwa kutafuta ndezi na kanga. Mtoto wa mbwa hakuchaguliwa kwa karatasi. Alitazamwa: nani anatangulia akiitwa, nani anashika harufu bila kuiacha, nani anavumilia kuvutwa mkia na watoto. Na palikuwa na mtihani mmoja mgumu kuliko yote, yaani kuku. Mbwa anayekula kuku wa jirani hakufugwa hata kama ni hodari porini, maana angemletea mwenyewe kesi. Kwa hiyo kufaa kwa familia na kufaa kwa mawindo vilipimwa kwa pamoja, katika ua mmoja. Skeeter angekaa chini na wazee wetu wakaelewana.

Udhaifu wa filamu unaanza pale jina linapofika. Kabla ya hapo thamani ya Lady ilikuwa katika matendo yake. Baada ya hapo thamani yake iko katika aina yake, nadra yake na mwenyewe wa mbali. Wapo watakaosema kwamba hadithi hii inahusu uaminifu, kwamba mvulana anakuwa mtu mzima kwa kurudisha kisicho chake. Nakubaliana nao. Uamuzi wa Skeeter ni wa haki, na machozi ya mwisho si ya bure. Lakini swali la nani mwenyewe linajibiwa kwa haraka mno. Katika filamu, mwenyewe ni yule aliyemnunua. Watu waliomlea na kumchagua mbwa huyo kizazi baada ya kizazi hawatajwi kama watu. Kongo inabaki jina la mahali anapotoka mbwa, si mahali panapoishi wafugaji wenye akili. Hata Gates, jirani mweusi ambaye Sidney Poitier anamwigiza kwa heshima isiyokuwa ya kawaida katika filamu za miaka ile, hafunguliwi njia ya kutufikisha kwao.

Watu hao ni majirani zetu. Ukivuka kituo cha forodha cha Vurra umeshaingia Kongo, na ukiendelea kwenda magharibi unaingia nchi ya Wamangbetu na Wazande. Huko mbwa wasiobweka walifungwa kengele ya mbao shingoni ili mwindaji ajue walipo ndani ya nyasi ndefu, wakifukuza wanyama kuelekea kwenye nyavu. Kengele hiyo ni ushahidi wa fikra: mtu alijua mbwa wake anaweza nini na hawezi nini, akakiongeza kilichopungua. Waingereza walijaribu kuwapeleka mbwa hao kwao mwaka 1895, wakafa kwa maradhi. Mwaka 1937 Olivia Burn aliwaonyesha kwenye maonyesho ya Crufts, London, na tangu wakati huo aina hiyo ikaenea. Mwaka 1959 Veronica Tudor-Williams alisafiri hadi kusini mwa Sudan kutafuta mbwa wapya wa kuzalisha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji wa Marekani nao walikwenda Zaire kuchukua mbwa wa vijijini, kwa sababu ukoo wao ulikuwa umebanwa mno na ugonjwa wa figo wa kurithi ulikuwa umeenea ndani yake. Mwaka 1990 chama cha American Kennel Club kilifungua tena kitabu chake cha ukoo ili kuwaandikisha mbwa hao wapya. Kwa hiyo vitabu vilipokwama, tiba ilitafutwa kwa watu waliochagua mbwa wao kwa macho. Mbwa wa vijijini walikuwa bado na damu pana ambayo vitabu vilikuwa vimeipoteza.

Sasa tulitazame jina lenyewe. Katika Kilingala, "basenji" ni watu wa porini, watu wasiokuwa wa mjini. Sisi tunalo neno hilohilo: washenzi. Watu wa pwani waliwaita hivyo watu wa bara, na sisi wa West Nile tuko ndani kabisa ya bara hilo. Mbwa aitwaye Basenji, anayeuzwa leo kwa bei kubwa huko ng'ambo, anaitwa kwa maana halisi mbwa wa washenzi. Mnunuzi wa Marekani halisikii tusi hilo. Msomaji wa Kiswahili analisikia mara moja. Hapa ndipo uhakiki wa filamu hii unapotugeukia wenyewe, maana tusi hilo halikutungwa Hollywood. Limo katika lugha tunayoisoma darasani, na bado tunalitumia tunaposema "mbwa mshenzi" kwa maana ya mbwa asiye na thamani.

Sidai kwamba mbwa wa Vurra ni Basenji. Wa kwetu wanabweka, tena sana. Wala sidai kwamba turudi kuwinda kama zamani. Sheria ya wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inakataza kuwinda bila kibali, na ukiangalia kanga walivyopungua karibu na makazi utaona sababu. Hoja yangu ni kuhusu kuchagua. Mjini Arua, mtu mwenye uwezo anayetaka mbwa hutafuta German Shepherd au aina nyingine ya kizungu. Mbwa huyo mara nyingi hufungwa kwenye kibanda mchana kutwa, hula chakula cha gharama, na watoto hukatazwa kumsogelea. Mbwa wa kienyeji anayelala mlangoni, anayewajua watoto kwa majina yao na aliyezoea joto letu, haulizwi anaweza nini. Tunafanya kama filamu ile katika sehemu yake ya pili: tunasoma jina kwanza, kisha ndiyo tunamtazama mnyama, kama tutamtazama.

Kwa hiyo ninaipendekeza "Good-bye, My Lady" kwa wanafunzi wenzangu, hasa nusu yake ya kwanza, na ninapendekeza itazamwe kwa Kiswahili kichwani. Msomaji akiitazama hivyo ataona vitu viwili kwa wakati mmoja. Ataona namna bora ya kumchagua mbwa wa nyumbani na wa mawindo, ambayo ni subira na macho. Na ataona jinsi watu waliofanya kazi hiyo kabla ya Skeeter walivyobaki ndani ya jina la mbwa, wakiwa wamefichwa na neno la dharau. Tunaofundishwa kutumia msamiati kwa uangalifu tunaweza kuanza na jambo dogo. Tukimwandika mbwa wa kwetu katika insha, tumwite wa kienyeji, kisha tuseme anafanya nini.