Safari ya Pwani Isiyo na Msitu

Kama ulisomea Kitui au Makueni, uliandika ile insha. Jogoo aliwika, ukaruka kitandani kama umeumwa na siafu, baba akapiga honi, mkafika Mombasa raha, mkaogelea, mkarudi hoi bin taabani. Mwalimu akakupa 32 kati ya 40.

Insha hiyo haijafa. Imehamia Insta na TikTok, na hata kwenye hadithi fupi za vijana tunazosoma mtandaoni. Methali zimetoka, droni imeingia, lakini mfumo ni uleule: familia, gari, bahari, picha, kwisha. Maneno ya kukariri hayanisumbui sana. Kinachonisumbua ni vile inaigawa nchi vipande viwili, kwamba kwetu ni vumbi na pwani ndiyo kijani. Hadithi ikishaanza hivyo, chochote kilicho katikati hakionekani tena.

Chukua barabara yenyewe. Kutoka Emali hadi Mtito Andei, insha inatumia sentensi moja, ile ya miti na milima kurudi nyuma kwa kasi. Milima gani? Iliyo mkono wa kulia ukishuka ni Chyulu. Juu yake kuna msitu. Mvua ya huko inazama kwenye mawe ya volkano, inapita chini kwa chini na kuibuka Chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi. Kutoka Mzima, bomba linapeleka sehemu ya maji hayo Mombasa. Kwa hivyo mtoto wa Kibwezi anayejisuuza chumvi ya bahari kwa bafu ya shangazi yake huenda anaoga mvua ya kwao. Mwandishi gani anaacha kitu kama hicho?

Halafu kuna msitu wenyewe. Kusini mwa Diani, karibu kabisa na ufuo, kuna Kaya Kinondo, msitu wa Wadigo wa takriban hekta 30. Ni mojawapo ya kaya za Wamijikenda zilizoingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mgeni anafungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, na hatoki na kitu, hata jani. Familia ikienda huko siku moja, nini hutokea kwenye hadithi? Kaniki inakuwa vazi la kupigia picha. Masharti yanakuwa "mambo ya kale", yanasimuliwa kwa kicheko kidogo, kama vile msimulizi ametoka sayari nyingine.

Lakini hajatoka sayari nyingine. Ametoka Ukambani, ambako kuna mathembo, yale maeneo ya kuombea mvua chini ya miti mikubwa ambayo hairuhusiwi kukatwa. Susu aliyeketi kiti cha nyuma anajua kabisa maana ya msitu wenye masharti. Pengine yeye peke yake kwenye hiyo gari ndiye angeusoma Kinondo bila gaidi. Insha inamwacha kwenye kivuli, ashikilie viatu vya watoto.

Utaniambia, wacha watu wajienjoi, ni siku moja tu. Sawa. Na tuwe wakweli, hadithi hizi zina sehemu moja tamu: ndani ya gari. Muthokoi kwenye hotpoti, ugomvi wa nani akae dirishani, baba kukataa kuuliza njia. Hapo lugha inachangamka kwa sababu mwandishi anajua anachosema, na kila kitu kina jina. Wakishuka tu, majina yanaisha. Inabaki "mandhari ya kupendeza". Hata jamaa Wakamba waliohamia Kwale, upande wa Shimba Hills, hawatajwi, ilhali kwao ndiko wengi hulala wakienda.

Hili si jambo la mtindo tu. Mwaka 2018 serikali ya kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa, kwa sababu miti ilikuwa inaondoka kwa malori. Marufuku haiwezi kufanya kazi peke yake pale ambapo kila mtoto amefundishwa kuandika kwamba kwao hakuna msitu. Ukishaamini kwenu ni vumbi, nani atakushtua mti ukianguka?

Kwa hivyo anayeandika safari ya Desemba hii, bakisha gari, bakisha muthokoi. Ila mkifika Kinondo, mpe susu nafasi ya kuongea. Aulizwe, akiwa na kaniki kiunoni, ule mti wa ithembo la kijijini kwao uko wapi siku hizi, na nani aliukata. Hapo ndipo hadithi ianzie.